Kipepeo wa Katikati ya Kamba

Jumatatu, 4 Machi
Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka tisini. Kadi zote zitatundikwa kwenye kamba dirishani kama kawaida, ili mji wetu mzima wa Bolsward ukipita kwa baiskeli uone nani anampenda na nani anajipendekeza. Nafasi ya heshima ni katikati. Kila mwaka huipata mwanyumba wangu Douwe, daktari wa meno mstaafu, mume wa dada yake mke wangu Hiske. Kila mwaka kipepeo! Kila mwaka mama mkwe hushika kifua! Kadi yangu hukaa pembeni, nyuma ya pazia, jirani na kadi ya kampuni ya bima ambayo hata haimjui.
Mwaka huu basi. Nami nitatengeneza kipepeo. Hiske alisema haipendezi mwalimu mstaafu wa sarufi kugombania kamba. Nikamjibu kwamba sigombanii kamba. Nagombania katikati.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda kwa Douwe kunywa kahawa. Yaani kupeleleza. Kikombe kimoja, biskuti moja, kisha kopo likafungwa. Nikaomba kwenda msalani, nikaingia katika chumba chake cha kazi. Mihuri ya mpira imepangwa kama meno: midogo mbele, mikubwa nyuma. Karatasi za maua, za mistari, za madoadoa. Vipembe vya vipepeo huvibandika kwa vibanio vya kliniki!
Akanikuta nimeshika droo. Hakukasirika, na hilo ndilo baya lake. Akanieleza kila kitu: chagua karatasi inayonywa wino, piga muhuri, ngoja ukauke, ndipo ukate na kubandika. Akanigonga bega, akasema, “Mwanyumba, hata mimi sikung'oa jino la mtu kabla ganzi haijakolea.”
Nimemwelewa. Anataka nitengeneze kadi iliyofifia kama zake. Mimi nitatumia karatasi inayong'aa.

Jumatano, 6 Machi
Dukani. Binti muuzaji aliniambia kwamba wino mzito niliouchagua haukauki juu ya karatasi ya aina hii. Nilimwuliza ana umri gani. Ishirini na mbili. Nikamweleza kwamba nilikuwa nikitumia wino kabla mama yake hajazaliwa. Akanifungia vitu vyangu kimya. Ushindi wa kwanza!
Wino ni wa buluu. Muhuri ni mkubwa kuliko wote waliokuwa nao: kipepeo mpana kama sahani ya kikombe. Wa Douwe ni inzi tu.

Alhamisi, 7 Machi
Kadi imekamilika. Chini karatasi ya mawaridi, pembezoni ukanda wa dhahabu, katikati yeye. Utadhani ataruka.
Hajakauka. Nimempuliza. Nimempepea kwa gazeti. Nimemweka juu ya hita, akatoka jasho. Nikafikiri: pengine anahitaji baridi. Nikamweka ndani ya friji. Jioni Hiske alitoa jibini, akakuta juu yake kipepeo kamili, mbawa na vipembe. Akauliza kama maziwa nayo nimeyatakia heri ya kuzaliwa.
Nimepiga muhuri upya palepale pa kwanza. Wino zaidi. Sasa ni kipepeo aliyeshiba.

Ijumaa, 8 Machi
Bado. Lakini mpango ni thabiti: kufika kabla ya Douwe na kuikabidhi kadi mkononi. Hiske amenisihi nipeleke maua tu. Maua! Nani ametundika maua katikati ya kamba?

Jumamosi, 9 Machi
Siku gani hii!
Tulifika wa kwanza. Douwe na mkewe walikuwa ndio kwanza wanafunga baiskeli zao. Mama mkwe hakuwa na miwani. Aliinua kadi hadi puani. “Sipke, mwanangu, huyu ni wako kweli?” Akaguswa. Akamgandamiza kipepeo shavuni, kwanza huku, kisha huku. Douwe alikuwa ameingia, akabaki mdomo wazi. Nilidhani ni wivu.
Kisha mama mkwe akanibusu. Kisha akambusu Hiske. Kisha wageni wakamiminika, na kila mmoja akampongeza mwenye siku yake, akazunguka duara lote la viti akimpongeza binti kwa mama yake, mkwe kwa mkwe wake, jirani kwa jirani yake. Kila mtu mabusu matatu, shavu hili, shavu lile, hili tena. Ndivyo desturi ya kwetu inavyotaka. Keki ilipokatwa, chumba kizima kilikuwa buluu kutoka masikioni hadi kidevuni. Kila mmoja aliona shavu la mwenzake, akanyamaza kwa adabu.
Mchungaji alifika wa mwisho. Akasimama mlangoni, akauliza kama daktari ameshaitwa.
Mama mkwe akaomba miwani. Akatutazama mmoja mmoja. Akaomba kioo. Nikaanza kutafuta koti langu.
Akacheka! Akacheka mpaka meno aliyotengenezewa na Douwe yakatumbukia ndani ya kahawa. Akamwita mchungaji: “Njoo hapa wewe, usidhani umepona!” Mabusu matatu. Akasema hajafurahi hivi tangu arusi yake.
Na kadi? Kipepeo alikwisha wote kwenye mashavu ya watu. Vilibaki vipembe. Mama mkwe alisema ataamua kesho aitundike wapi. Nina imani.

Jumatatu, 11 Machi
Nimepita dirishani kwa mama mkwe kwa baiskeli. Katikati ya kamba: Douwe!
Kumbe Jumamosi alitupiga picha. Mama mkwe anacheka bila meno, buluu tupu, nasi sote nyuma yake. Ameibandika kwenye karatasi ya maua, akaizungushia vipepeo wadogo wa muhuri, wamekauka vizuri kabisa. Amefanya biashara kwa wino wangu!
Niliingia ndani kulalamika. Mama mkwe alinituliza kwa kusema kwamba yangu haijapotea. Iko chooni, juu ya kalenda ya siku za kuzaliwa, ambayo hapa kwetu hutundikwa huko, na kila akikaa hucheka. Hiske alisema hakuna mahali pa heshima zaidi, kwa sababu kila mgeni ataitazama peke yake, bila haraka. Nilikwenda kuhakikisha. Nikakaa. Kweli, mwanga ni mzuri.
Lakini katikati ni katikati.

Jumatano, 13 Machi
Nimetafakari kwa siku mbili kosa lilikuwa wapi. Si wino. Si karatasi. Ni mabusu. Nimeuandikia ukoo mzima nikipendekeza kwamba kuanzia sasa tupeane mikono.
Kadi ya Pasaka nimeshaianza. Wino uleule, safari hii wa kijani. Karatasi inayong'aa zaidi. Vipepeo wawili. Hawajakauka, lakini muda upo tele.
Hiske ameingia sasa hivi. Anauliza kwa nini paka ana mbawa.