Fimbo ya Kuokolea

Jumatatu, 8 Agosti 1983
Baridi ya ukingo wa kreta haina adabu. Miaka minne mimi, Raphaeli wa Endabash, nafua mashuka ya hoteli ya watalii kwa maji yanayouma. Leo ukombozi! Fundi kaja kutoka Arusha kutufundisha kumwokoa mtu aliyenaswa na umeme. Usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, panda juu ya ubao mkavu, umsukume kwa fimbo kavu. Jumamosi mtihani, mbele ya meneja. Atakayewashinda wenzake atahamishiwa nyumba ya jenereta. Kule kuna joto! Clemensi wa jikoni alikuwa akiitikia kila neno, kana kwamba umeme kauvumbua yeye.

Jumanne, 9 Agosti
Sina fimbo. Mlinzi wetu wa Kimasai, Saning'o, anayo: ngumu, kavu, kaachiwa na marehemu baba yake. Nikaiomba. Akasema fimbo ya mzee haiazimwi. Nikamwambia ni ya kuokoa roho za watu. Akaniangalia sana, akanipa, mpaka Jumamosi. Niliona haya. Kidogo.

Alhamisi, 11 Agosti
Fimbo nzuri, lakini meneja ataionaje kwa mbali? Nimeizungushia waya wa shaba wa mota mbovu, juu mpaka chini, nikaukaza kwa misumari miwili. Inang'aa! Wamasai wenyewe si hupamba fimbo zao? Antonia, dobi mwenzangu, kauliza kama waya huo si ndugu wa ule unaopitisha umeme. Nimemwambia ashughulike na foronya zake.

Jumamosi, 13 Agosti
Aibu! Fundi alishika mashine ya kufulia iliyozimwa, akajifanya amenaswa. Nikatoka mbio. Nikaipita swichi kuu, nikaupita ubao, nikamchoma ubavuni kwa fimbo yangu. Akainuka, akachukua betri na balbu, akagusisha nyaya zake kwenye ncha mbili za fimbo. Balbu ikawaka. Akatangaza kwamba nimekufa, na niliyekwenda kumwokoa nimemmalizia. Meneja alicheka mpaka akakaa chini. Clemensi akazima swichi, akapanda ubao, akasukuma kwa mpini wa fagio. Fagio! Kahamia kwenye joto.

Jumapili, 14 Agosti
Waya umetoka. Misumari ikagoma. Nikaing'ang'ania kwa plaizi, nikavuta, fimbo ikapasuka vipande viwili. Nikampelekea Saning'o getini. Hakugomba. Alisema tu kwamba baba yake aliswagia ng'ombe kwa fimbo hiyo kutoka Loliondo mwaka wa njaa, na haikuvunjika. Akavipokea vipande kwa mikono miwili. Bora angenichapa navyo. Najuta. Najuta kweli.

Jumatatu, 15 Agosti
Kila asubuhi Saning'o hunisalimia kwa Kimasai, "Sopa!", akangoja niitikie "Epa!", kisha akacheka matamshi yangu. Leo kasema tu "Habari za kazi," akageuka kutazama barabara. Chai imenishinda. Nimemkosea rafiki, lazima nitengeneze. Nimewaza kutwa nzima nikikamua mashuka. Na nimepata! Kuna kipande cha bomba la chuma nyuma ya stoo, kizuri mno. Vile vipande viwili vitaingia humo sawasawa, na fimbo itakuwa imara kuliko zamani. Nitalisugua mpaka ling'ae. Saning'o atafurahi. Na kwa kuwa fundi anarudi mwezi ujao kutupima tena, nitamwomba Saning'o aniazime tena, siku moja tu. Antonia kaanza kuuliza kitu kuhusu chuma. Sikumngoja amalize.