Viti Thelathini na Viwili na Uso wa Shemeji

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimeamka, nimesali, nimepata wazo. Kwa mpangilio huohuo, kwa hiyo wazo limetoka juu. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anagombea udiwani. Ameniahidi akishinda nitapata kibanda cha cherehani mlangoni kabisa mwa soko jipya. Na mimi ndiye katibu wa chama chetu cha kugawa viti vya magurudumu, nywila ya tovuti ninayo mimi. Watu mia tatu huingia humo kila wiki! Nimebandika picha yake juu kabisa: "Mcha Mungu. Mpeni kura." Kuna ubaya gani? Ni kweli.

Jumanne, tarehe 5
Mweka hazina amenijia mbiombio nikiwa nashona, sindano bado iko kwenye kitambaa. Tunamwita Mihuri. Karani mstaafu, hugonga muhuri hata kwenye kadi ya harusi. Akasema, dada katibu, unataka kutuzika? Eti sisi ni chama cha hisani, tumesamehewa kodi kwa sharti tusimpigie debe mgombea yeyote, na kilichoko kwenye tovuti ni chama kimesema. Viti thelathini na viwili vimefika, vimo kwenye ghala la forodha. Msamaha ukifutwa vitadaiwa ushuru tusiouweza, na vitaozea hukohuko. Nikamjibu asiniletee presha. Akaondoka bila kuaga. Wivu tu, hana shemeji.

Halafu nikakumbuka. Kiti namba kumi na tisa ni cha mama mkwe. Miezi saba tunambeba, mimi huku mume wangu kule, mpaka barazani. Ibadani hajafika tangu alipoanguka. Kila asubuhi ananiuliza kiti kiko wapi.

Jumatano, tarehe 6
Nimelitengeneza! Mihuri aliniambia, kwa kisirani chake, kwamba chama kinaweza kuwaeleza watu wagombea wote kwa usawa, au kisimtaje hata mmoja. Basi usawa. Nimewaweka wote wanne. Picha saizi moja, nimezipima kwa futi ya kushonea juu ya kioo cha kompyuta. Maneno matano kila mtu, hakuna aliyepunjwa.

Shemeji: "Mcha Mungu, mnyenyekevu, kipenzi chetu."
Wa pili: "Anajitahidi, ingawa hukasirika upesi sana."
Wa tatu: "Mungu amsamehe, sisi tumeshindwa kabisa."
Wa nne simfahamu: "Hatumjui. Ana shati zuri tu."

Juu yao, kwa herufi kubwa: HII SIYO KAMPENI. Nimelala usingizi wa mtoto.

Ijumaa, tarehe 8
Afisa wa kodi amekuja ofisini. Mama mmoja mpole, upole wa kutisha. Akafungua tovuti mbele yetu, akasoma yote kwa sauti, taratibu, kama anasoma wosia. Mihuri akawa anaangalia dari. Akaniuliza, mama, huu ndio usawa? Nikampa futi apime mwenyewe.

Hakupima. Tuna siku saba. Tuondoe yote na tuandike barua ya kukiri kosa, la sivyo msamaha unafutwa na hakuna kiti kitakachotoka ghalani. Nimelia mpaka afisa mwenyewe akanipa kitambaa.

Nyumbani nimekuta habari imeshatangulia. Mama mkwe hakufoka. Afadhali angefoka! Akasema, mwanangu, mimi diwani wa nini? Mimi nataka magurudumu. Nikaingia jikoni kulia upya.

Jumatatu, tarehe 11
Nimefuta kila kitu. Mihuri ameandika barua, kurasa mbili, mihuri mitano. Kisha akaninyang'anya nywila. Nikamuuliza atabandikaje picha, na bila miwani hatofautishi mbuzi na kochi, na miwani yenyewe kila siku anaisahau nyumbani. Akasema afadhali yeye asiyeona kuliko mimi mwenye shemeji. Nimeanza kufunga. Siku tatu, kwa ajili ya viti. Shemeji naye amenuna, simu zangu hapokei. Kibanda ndiyo basi.

Alhamisi, tarehe 21
Msamaha umebaki! Viti vimetoka! Namshukuru Mungu, na Mihuri kidogo. Mama mkwe amejiendesha mwenyewe hadi getini, akarudi, akaenda tena, anacheka kama msichana. Amenikanyaga mguu mara mbili. Ya pili nadhani makusudi. Jumapili anakwenda ibadani na hataki kusukumwa na mtu. Nimeapa mbele za Mungu: sitaandika tena neno la siasa kwenye tovuti ya chama. Nimekoma.

Jumamosi, tarehe 23
Mihuri ameomba picha ya shukrani, mama mkwe akiwa kitini, iwekwe ukurasa wa mbele. Nimempiga picha mwenyewe. Imetoka nzuri sana. Amevaa fulana ya kampeni, uso wa shemeji umejaa kifuani, mkubwa kama sinia. Nguo zake nyingine zote niliziloweka tangu alfajiri, imetokea tu hivyo. Mimi sijaandika neno hata moja, kiapo changu kiko palepale. Na atakayeibandika ni Mihuri, kwa mkono wake.

Shemeji nimemdokezea. Amepokea simu mara ya kwanza ilipolia! Ameuliza nataka kibanda upande gani wa mlango. Nimesema kulia.

Picha nimeshaituma. Sasa napiga magoti. Ee Mwenyezi, leo tu, mzee wa watu asikumbuke miwani.