Kuku wa Mama Mkwe na Mbwa Aitwaye Polisi

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Shinyanga.

Mama mkwe ameondoka na lori la asubuhi kwenda Nyarugusu. Anakwenda kumwona Maganga, shemeji yangu mchimba dhahabu, ana homa. Mungu mkubwa! Nyumba imepata hewa.

Lakini ameniachia kuku. Tetea wa madoadoa, aliyetoka naye Isaka kwa treni amempakata kama mjukuu. Si kuku wa mchuzi. Ni wa mizimu ya babu zao, ametolewa kwa ajili ya tumbo la Paskalia, mke wangu, maana mimba ya kwanza ilitoka. Inatakiwa awe hai siku mtoto atakapopewa jina. Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, ndiyo heshima yetu. Kwa hiyo aliutazama mlango, akauambia mlango: "Akifa huyu, nitajua mkwe wangu hataki mtoto."

Nimebatizwa. Nimesoma misheni. Nina cherehani yangu mwenyewe. Siogopi kuku.

Wazo! Jirani yangu Thobias, mpunga bendera wa stesheni, ana jogoo mwekundu mrefu kama askari wa gwaride. Nimemwomba mara ngapi amwachie kidogo aje kwangu? Anasema jogoo wake hatembelei mafundi nguo. Basi. Kesho akienda kazini nitamrusha tetea upande wa pili wa ua. Nitapata vifaranga vya jogoo wake, na hatajua!

Jumanne, 4 Agosti

Nilimsahau mbwa.

Mbwa wa Thobias anaitwa Polisi. Nilimrusha tetea, nikachungulia katikati ya minyaa ya ua. Jogoo akaja kwa madaha, bawa moja chini. Mambo yalikuwa mazuri sana. Mara Polisi! Alitoka nyuma ya jiko bila kubweka, kama polisi kweli. Sijui niliruka vipi ule ua. Nilimnyang'anya. Suruali imepasuka, utomvu wa minyaa umeniingia jichoni, linawaka moto. Na tetea! Mguu umevunjika. Bawa linaning'inia. Nilikaa nyuma ya choo nimemkumbatia, moyo wake unagonga kiganja changu mbio mbio. Au ni wangu.

Paskalia akauliza kuku yuko wapi. Nikajibu kwamba anaatamia katika chumba cha cherehani, asisumbuliwe. Kwa nini nilisema hivyo? Ulimi wangu una akili zake wenyewe.

Jumatano, 5 Agosti

Nimemwosha jeraha kwa maji ya chumvi, nikamfunga mguu banzi la vijiti vya ufagio na kitambaa cha kaki. Bawa nimelibana kwa utepe. Kwa kazi ya mikono, sijapata kushona kitu kizuri hivi. Lakini hali kitu. Mtama hataki. Mchwa hataki. Ananiangalia kwa jicho moja tu, kama ambavyo mama mkwe angeniangalia.

Paskalia amefurahi mno. Kuku wa babu anaatamia! Ni dalili njema, anasema. Amewatangazia wanawake wote. Wamekuja kuchungulia. Nilisimama mlangoni na mkasi, nikawaambia kuku huyu hapendi wageni. Mmoja akasema mume wa Paskalia ana adabu ya mizimu kuliko Wasukuma wenyewe. Jasho lilinitoka mpaka miguuni.

Alhamisi, 6 Agosti

Thobias ameona manyoya ya madoadoa uani kwake. Nilidhani amekuja kugombana. Kumbe aliuliza kwa sauti ndogo kama ni ya yule kuku. Nikasema ndiyo. Akakaa chini palepale, na sare yake ya stesheni. Akasema yeye ni Mkristo, haogopi chochote, ila angependa kujua kama mizimu hutofautisha mbwa na mwenye mbwa. Nikamwambia kwa hakika huanza na mwenye mbwa.

Akakimbia kwake, akarudi na uji wa ulezi. Watu wazima wawili, tuna rozari shingoni, tumechuchumaa chini ya cherehani: yeye anafungua mdomo wa kuku, mimi nadondosha uji kwa kidole. Ulimwagika wote. Thobias akasema sasa amefikiri vizuri, mizimu huanza na aliyemrusha. Tuligombana kwa kunong'ona mpaka aliposikia treni yake.

Shingo ya tetea imelegea. Paskalia anaimba akifua nepi.

Ijumaa, 7 Agosti

Uchungu umemshika asubuhi. Mkunga Bernadina alinitoa nje kama paka. Nikaingia chumba cha cherehani. Kati yangu na mke wangu ukuta mmoja tu. Kila akilia, tetea anafumba jicho. Nikajiambia ni upuuzi. Akalia tena. Tetea akafumba tena.

Ile mara ya kwanza ilianza hivi hivi.

Nilipiga magoti nikamwombea Paskalia. Nilipofika katikati nikaona mkono wangu uko juu ya kuku. Sikuuondoa. Padre asisikie.

Halafu lori likasimama nje. Mama mkwe! Amerudi kabla ya siku yake. Nilimsikia akiingia kwa binti yake, akauliza kuku wake yuko wapi. Bernadina akamjibu anaatamia kwa fundi. Kisha kimya. Paskalia halii tena. Kichwa cha tetea kimeangukia mkononi mwangu, baridi. Nikawaza: nimewaua wote. Kwa ajili ya vifaranga! Nikamtia ndani ya shati, kifuani, apate joto. Sikuwa na wazo lolote. Wazo hata moja sikuwa nalo.

Mtoto akalia.

Ni msichana! Paskalia anacheka na kulia. Na tetea akanikwangua tumbo kwa mguu wake mzima.

Nilipoinua macho mama mkwe yuko mlangoni. Nikayashusha haraka. Kichwa cha kuku kilikuwa kimetokeza kati ya vifungo vya shati, kinamtazama kwa niaba yangu.

Jumamosi, 8 Agosti

Nilitaka kusema kweli. Wallahi nilitaka, mimi Mkristo mzima. Ulimi ukasema mwewe. Mwewe mkubwa! Nilipigana naye kwa mikono mitupu, ona jicho, ona suruali. Mama mkwe aliugeukia mlango, akauambia: "Mkwe wangu ana moyo." Ng'ambo ya ua Thobias alikohoa sana. Tetea amekunywa maji, anachechemea na banzi lake.

Jumatatu, 10 Agosti

Habari zimeenea. Wanawake kisimani wananiita mganga wa kuku. Sikukanusha. Nimesema ni kipaji, kipo katika ukoo wetu.

Mchana tarishi wa mwanangwa, mkuu wetu, ameleta bata mzinga. Mkubwa, mweusi, kichwa kinaning'inia. Mwanangwa anategemea wageni wa serikali, anamtaka bata akiwa mzima na mwenye majivuno. Nikamwambia tarishi amwache tu, kazi ndogo.

Paskalia, akimnyonyesha mtoto, akaniuliza kama najua lolote kuhusu bata mzinga. Nikamjibu bata mzinga ni kuku aliyepewa cheo. Akauliza kama siogopi. Niogope nini?

Sasa hivi bata amelala chali, miguu juu. Nadhani anapumzika.

Wazo! Bwana wa bohari ya pamba anaye bata mzinga wa rangi hiyo hiyo, na leo amesafiri kwenda Tabora.