Kipimo cha Sauti na Mkwe Langoni

Leo nimeumbuka. Kosa lenyewe nalitaja mapema ili msihangaike kulitafuta: huwanyamazisha watu kabla sijajua wanataka kusema nini.

Wakwe zangu, wazazi wa mume wa binti yangu Mado, walikuwa njiani kutoka Dilolo. Harusini hawakufika kwa sababu mzee aliugua mguu. Leo walikuja Kolwezi kuitazama filamu ya harusi sebuleni kwangu. Mado alinisihi kwa simu: "Papa, bale batu banapenda heshima. Usinipatishe haya." Nikamjibu kwamba heshima ndiyo somo langu. (Ndivyo nilivyosema. Mungu anisamehe.)

Nina spika tano. Nilitaka kiapo cha binti yangu kisikike wazi, kisimezwe na ngoma. Basi nikaazima kipimo cha sauti kwa mpwa wangu, anayepima kelele za mitambo kwenye mgodi wa Mashamba, nikakiweka kwenye kiti atakachokalia mkwe, kwa urefu wa sikio lake. Kila spika hutoa mvumo peke yake, nawe huipandisha au kuishusha mpaka kipimo kisome desibeli sabini na tano. Kazi ya utulivu. Kazi ya mtu aliyesoma!

Mke wangu akachungulia mlangoni, akaniita baba wa Mado kama kawaida yake.

"Tata Mado..."

"Nyamaza kwanza! Kipimo inahesabu na sauti yako."

"Lakini iko..."

"Chut!"

Akaondoka. Nikabaki na spika ya mwisho, ile ya nyuma kushoto. Ghafla namba ikaruka. Tu! Tu! Tu! Ikashuka. Ikaruka tena. Nikamjua mkosaji papo hapo (mtu kama mimi hahitaji ushahidi): jirani yangu wa ng'ambo ya ukuta, mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo, kila alasiri, nami humkemea kila alasiri. Nikafungua dirisha la ubavuni, ambalo halioni lango, nikapaza sauti:

"Acha ile makelele! Kwenu habakukufundisha heshima? Mutu muzima hivi!"

Kimya. Namba ikatulia kwenye sabini na tano kamili. Nikatabasamu. (Ndiyo, nilitabasamu.)

Mke wangu akarudi, mikono kichwani.

"Ulikuwa unasemesha nani?"

"Ule mama na kinu yake."

"Kinu gani? Ule njo tata mukwe! Alikuwa anapiga lango na fimbo yake. Njo nilikuwa nataka kukuambia banafika!"

Nyinyi mnaojua mila zetu mmeshashika vichwa. Kumtukana mkwe hakufutwi kwa neno la samahani. Huitwa wazee, huletwa mbuzi, na binti hubeba aibu hiyo jikoni kwa mama mkwe wake miaka na miaka. Mado wangu!

Nikaenda langoni. Mzee alisimama ameegemea fimbo, mkewe kando yake akitazama chini.

"Tata," akasema polepole, "ule mutu anasema kwetu hatukufundishwa heshima, ni weye?"

Mimi, ninayewafundisha watu parokiani namna ya kuuchunga ulimi, nikaanza kumtafutia kiti pale pale langoni.

Ndipo ng'ambo ya ukuta kukalia: Tu! Tu! Tu! Na sauti juu yake:

"Tata Mado! Unitukane tena! Mi siachi! Batoto bangu batakula makelele yako?"

Mzee akageuza shingo. Akasikiliza. Uso ukamlegea.

"Aaa! Kumbe ni mambo ya jirani? Hata kwetu Dilolo iko mumoja kama ule. Tuingie, tata, tuingie."

Kiapo kilisikika neno kwa neno. Mama mkwe alilia. Mzee aliomba kirudiwe. Nami nikatoroka hadi ukutani, nikachungulia. Ndani ya kinu hapakuwa na hata jani moja. Jirani alikuwa na povu la sabuni hadi viwikoni. Tangu adhuhuri alikuwa akifua nguo.

"Usinishukuru," akasema. "Nilifanya ju ya Mado. Ju ya weye peke yako, ningekuacha ufe!"

Najua kwamba ule ulikuwa udanganyifu. Nimejaribu kuukemea, nimeshindwa. Basi msinicheke. Ila mkipita mtaani kwetu alasiri na kusikia kinu, simameni kidogo mumsalimu Mama Ngalula.