Jumatano Yetu Nayo Itambuliwe

Mheshimiwa Afisa wa Mambo ya Dini, Kasese,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote wa ofisini. Sisi wa Kanisa la Pumziko la Jumatano, hapa Bwera, hatujambo, ila tumechoka kudharauliwa. Tulipoanza, Waislamu walikuwa na Ijumaa yao, Waadventista Jumamosi, na wengine wote wamejazana Jumapili. Jumatano tuliikuta haina mwenyewe, tukaichukua kwa heshima zote. Hadi leo serikali haijatutambua. Malalamiko yetu ni haya:

1. Kwenye sherehe za serikali, viongozi wa dini huitwa mmoja mmoja kuombea mkutano, kisha huketi kwenye hema la mbele na kupewa soda. Juzi nilijipanga nyuma ya shehe, nimevaa kanzu niliyoshonewa na mke wangu Kaswera. Askari akaniuliza, "Weye iko pasta ya wapi?" Nikamweleza kwa kirefu. Akanipeleka kukaa na wacheza ngoma, juani. Niliumia sana, Mheshimiwa. Nilitaka kiti kimoja tu.

2. Shule zinafundisha Jumatano. Wanangu wanasomeshwa hesabu siku takatifu, na mkubwa ameanza kuzielewa.

3. Mpaka wa Mpondwe unafunguliwa Jumatano. Malori yananguruma katikati ya sala, na naibu wangu Danieri, anayeuza samaki wa chumvi, huacha maombi njiani akawakimbilie wateja wa Beni, kule Kongo. Naomba mpaka ufungwe siku hiyo. Ndugu zetu wa ng'ambo wataelewa, kungoja wamezoea.

4. Nasikia maaskofu hupewa magari. Sisi tukipewa moja tu, waumini wote tunaenea ndani, jambo ambalo Wakatoliki hawawezi kukuahidi. Kwa hiyo dini ndogo ndiyo nafuu kwa serikali, na ingefaa zile kubwa zipunguzwe mpaka zifikie kiasi chetu.

Wasalimie wa nyumbani kwako, mapadre, mashehe, na yule askari pia. Nimemsamehe, ingawa si kabisa.

Wako katika pumziko,
Mchungaji Mkuu Ephraïm Kataliko,
Bwera

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Kaswera ameanzisha kanisa lake jikoni. Danieri na watoto wote wamehamia huko, mimi nimebaki sebuleni. Wao watapumzika Alhamisi, eti Jumatano biashara ni nzuri. Wakikuandikia, tafadhali usiwatambue. Watu wachache namna ile si dini, Mheshimiwa. Kila kikundi kikipewa siku yake, nchi itafanya kazi lini?