Prosesa Yenye Upepo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Laptop mpya imefika Mwisenge! Mpya kwangu mimi. Prosesa yake ina nguvu za kung'oa kisiki. Nimeiwasha, feni ikanguruma kama fuso linapanda mlima. Jirani yangu Nyangi akatoka kuuliza kama nimenunua mashine ya kusaga. Wivu tu! Kwaya ya Bukima inatafuta fundi wa kuwarekodia albamu. Tunajaribiwa mimi na Silasi wa Kiabakari. Nikishindwa, narudi kukaanga samaki kwa dada Boke. Sirudi!

Jumatano, 11 Juni
Silasi kapita na kilaptop chembamba kama chapati. Hata feni hakina! Anajisifu eti kinashindaga kutwa bila chaji. Nikamwambia hata mzee aliyelala hali chakula kingi. Akauliza yangu inakaaga na chaji muda gani. Nikamwambia asiulize mambo ya chumbani kwa watu. (Inazima kabla ugali haujaiva.)

Alhamisi, 12 Juni
Tumerekodi Bukima kwa zamu. Wimbo wa Yesu kutuliza dhoruba. Betri yangu ikafa ubeti wa pili. Nikatangaza mapumziko ya sauti, nikavuta waya kutoka dukani. Kupanga sauti nimemaliza chai haijapoa! Silasi bado anakikodolea macho kilaptop chake. Jioni nasikiliza. Mungu wangu! Feni imeimba wimbo mzima. Vuuuu! Nimenoa kisu cha samaki.

Jumamosi, 14 Juni
Kwaya wamepiga wimbo wa Silasi kwanza. Safi. Watu wakasinzia. Ukaja wangu. Vuuuu! Mama Gaudensia, mwenyekiti wa kwaya, akaruka: upepo, jamani, dagaa wangu! Kwaya nzima mbio mpaka mchangani kuanua dagaa. Nje hata jani halitikisiki. Mimi natafuta bodaboda. Mama akarudi kakumbatia neti ya dagaa, anacheka mpaka akakaa chini. Akasema kijana huyu kaleta ziwa lenyewe ndani ya wimbo. Silasi akasema ile ni feni, mama. Akajibiwa aache kijicho, na yeye alete upepo wake. Albamu nzima yangu!

Jumatatu, 16 Juni
Silasi kaonekana Bunda anaulizia feni. Kachelewa! Sasa Wanzagi wa Butiama kaniita nimrekodie mkewe wimbo wa kubembeleza mtoto. Kasisitiza uwe mtulivu, mtoto anashtukaga hata mlango ukigongwa. Asiwe na wasiwasi. Ile laptop nimeshabadilishana. Hii ina feni mbili.