Geti la Migomba Kwenye Uwanja wa Ndege

Hamisi na Joeli,

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, nikiwa nimevaa suti.

Mliniuliza kama mdogo wake Joeli aende chuo akasomee mambo ya ndege kama mimi, au achague kilimo. Nilikuwa nimeanza kuwajibu kwa hoja nzuri nzuri. Ile karatasi nimeichana. Sikilizeni kwanza ya leo.

Mnanijua. Miaka minne ng'ambo, shahada ya uendeshaji wa viwanja vya ndege, na sasa mwezi wa nane niko hapa Busunzu nangoja kupangiwa kazi huku napalilia maharage. (Palizi sikufundishwa chuoni, na inaonekana.) Kijiji kizima kinaniita Rubani. Nimewaambia mara mia kwamba sijawahi kurusha hata tiara. Wapi!

Jana baba alizidiwa. Ngiri yake ya siku nyingi imebana, anatapika, tumbo limekaza. Mganga wa zahanati akasema, "Huyu apasuliwe kesho, isipite mchana." Mvua zimebeba daraja la njia ya kwenda hospitali ya Kibondo, gari halipiti. Padri akaita kwa redio, akajibiwa kwamba ndege ndogo ya misheni itakuja leo saa nne asubuhi.

Alfajiri wanaume sita walikuwa mlangoni na machela.

"Tumbebe sasa hivi," alisema dada yangu Yasinta. "Tuvuke mto kwa miguu, upande wa pili tutapata gari."

Nikawarudisha. Mimi! Nikasema, "Kwa ndege ni dakika kumi na tano tu. Haya niachieni, nimeyasomea."

Nikaenda kwenye uwanja wetu wa nyasi, nyuma ya kanisa. Nikapima urefu kwa hatua, nikafukuza mbuzi, nikawasha moto wa majani mabichi ili rubani aone upepo unatoka wapi. Kazi safi. Kisha nikarudi nyumbani kupiga pasi suti. (Ndiyo, suti. Ndege ya kwanza tangu nirudi, mlitaka nivae kaptula?)

Nikiwa napuliza makaa ya pasi, Mzee Ntabaye, mwenyekiti wa kijiji, akachungulia dirishani.

"Rubani, huyu wa ndege tumpokee kama tunavyompokea mgeni rasmi?"

"Ndiyo, mzee, fanyeni kila kitu," nikajibu bila kuinua macho. Suruali ilikuwa inataka kuungua.

Saa nne kasoro nikasikia mngurumo. Nikatoka mbio, tai mkononi. Lo! Pale hasa ndege inapotakiwa kugusa ardhi, kijiji kimesimamisha geti la mgeni! Migomba mizima miwili kila upande, mti umelazwa juu, maua yananing'inia. Matawi yametandazwa uwanja mzima. Chini ya geti wako akina mama na vigelegele vyao, wapiga ngoma wanne, na watoto wa shule wamepanga mistari miwili. Baba alikuwa pembeni juu ya machela, amefumba macho.

"Tokeni! Ondoeni!" Ngoma zikanimeza. Nikapunga mikono yote miwili kumzuia rubani. Umati wote ukapunga na mimi! Ndege ikashuka, ikaona mambo, ikapanda. Makofi. Nikanyakua panga nikaanza kukata mgomba. Mzee Ntabaye akanidaka koti.

"We mwana, una wazimu? Unakata geti la mgeni, na mgeni anaona!"

Nilipoangusha mgomba wa pili, wingu jeusi lilikuwa limeshatufikia kutoka upande wa Burundi. Rubani akazunguka mara ya tatu, akadondosha kikopo chenye karatasi ndani, akaondoka. Ngoma zikanyamaza. Watu wakanizunguka, wanangoja salamu za mgeni.

"Anasema nini?" akauliza mwenyekiti.

Nikasoma kwa sauti, maana ningefanyaje? "Mvua imefika, siwezi kungoja. Kijiji hiki hakina hata mtu mmoja anayejua ndege?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Yasinta akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Vua hilo koti," akasema. "Shika machela, nyuma."

Tulimbeba kwa muda wa saa tano chini ya mvua. Mtoni maji yalinifika kifuani. Katikati ya njia baba akafumbua macho.

"Ndege iko wapi, mwana wanje, mwanangu?"

Nikamweleza yote, hata pasi. Akafumba macho tena, nikadhani amelala.

"Huko ulikosoma," akasema polepole, "hawapokei wageni?"

Nikahamishia mpini wa machela bega la pili. Wale watu walifanya kile wanachokijua, tena kwa moyo mmoja, kwa ajili ya baba yangu. Mwenye kujua zaidi alikuwa anapiga pasi.

Nawaandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, suruali imeganda matope. Daktari alimpapasa baba tumbo, akaniuliza mbona tumechelewa vile. Nikasema daraja limebebwa. (Kweli limebebwa, ila si hilo lililotuchelewesha; hata hapo nimedanganya.) Wamemwingiza chumba cha upasuaji tangu saa kumi na mlango haujafunguliwa.

Kwa hiyo, Joeli, mdogo wako akasome ndege akitaka. Elimu yenyewe haina kosa, nimeikagua njia nzima nikiwa chini ya machela.

Na nyinyi najua mmeshaanza kucheka. Nawaomba, ngojeni kwanza mzee atoke.